Shumba Mjini na "Mji wa Mawe": Fungu la Maneno ya Kiingereza katika Taarikh ya Kaskazini ya Pemba

Katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, yako makazi mawili yenye jina la Shumba. Moja huitwa Shumba Mjini, na la pili Shumba Viamboni, ambalo katika maandishi mengine huonekana kama Vyamboni. Mgeni aliyezoea maana ya leo ya neno mji, akilisikia jina la kwanza, huenda akataraji barabara pana, maduka na majumba ya ghorofa. Atakayoyakuta ni makazi ya wavuvi na wakulima. Hata hivyo jina halikukosewa. Aliyekosea ni msikilizaji, kwa kuwa amelipima neno la Kiswahili kwa kipimo kisichokuwa chake.

Kipimo hicho kina asili yake, na sehemu kubwa ya asili hiyo imo katika fungu dogo la maneno ya Kiingereza, yaani "stone town". Katika nusu ya pili ya karne ya 20 fungu hili lilipata nguvu kubwa katika vitabu vinavyoeleza taarikh ya pwani ya Afrika ya Mashariki, hata likawa kama ufunguo wa kuingilia katika habari zote za Waswahili. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi linavyotumika katika sentensi za maandishi, na jinsi matumizi hayo yalivyowaacha nje ya taarikh, kwa muda mrefu, watu wa nchi kama ile ya Shumba.

Jambo la kwanza la kutazama ni umbo lake. Kiingereza huweza kuyaweka majina mawili bega kwa bega, pasipo kiungo baina yao, na jina la kwanza likafanya kazi ya sifa kwa jina la pili. Jiwe limetangulia, mji umefuata, na uhusiano wao haukutajwa. Je, mji wote umejengwa kwa mawe? Au zimo humo nyumba kadha wa kadha za mawe? Au ni mji ulio juu ya majabali? Fungu lenyewe halijibu. Msomaji ndiye anayejaza pengo, naye kwa kawaida hulijaza kwa namna iliyo nyepesi kuliko zote: huona machoni pake mji mzima wa kuta nyeupe.

Kiswahili hakikubali upenyo huo kwa urahisi. Ili majina mawili yakutane, sharti pawe na kiungo, na ukisema "mji wa mawe" sikio la mwenyeji huuliza maana. Sababu yake ni kwamba katika mazungumzo ya pwani jiwe halipewi mji, hupewa jengo. Watu husema nyumba ya mawe, msikiti wa mawe, kaburi la mawe. Na kwa upande wa pili husema nyumba ya udongo, nyumba ya makuti, banda la fito. Mwenye kusema nyumba ya mawe amesema neno linaloweza kuthibitishwa kwa macho, kwani ukuta ama ni wa mawe ama si wa mawe. Bali mwenye kusema mji wa mawe ametoa hukumu juu ya nyumba mia kwa kuzitazama kumi.

Jambo la pili ni kiarifa ambacho Kiingereza hukitanguliza mbele ya jina, na ambacho Kiswahili hakina. Mwandishi anapoiandika "the stone towns", humwashiria msomaji kwamba vitu hivyo vinajulikana tayari, vina mpaka wake na idadi yake, na kwamba hapana haja ya kuthibitisha kuwapo kwake. Hivyo lile lililopasa kuwa swali huingia katika sentensi likiwa limekwisha kujibiwa. Wala si kosa la mwandishi mmoja. Ndiyo tabia ya lugha, na kila anayeiandika hubebwa nayo asipojihadhari.

Jambo la tatu ni mahali fungu hili linapokaa katika sentensi. Aghalabu huwa ndilo mtenda. Miji ya mawe ilifanya biashara na Bara Hindi. Miji ya mawe ilisilimu. Miji ya mawe ilisitawi, ikapigana, ikaanguka. Watu wa mashamba, wakitajwa, hutajwa mwishoni mwa sentensi, kama watu ambao kwao chakula kilinunuliwa au kwao watumwa walipatikana. Kitenzi hakiwafikii. Tena fungu lenyewe hugeuka kuwa sifa ya jina la tatu, kukawa na utamaduni wa miji ya mawe, mabwana wa miji ya mawe, dini ya miji ya mawe. Kwa Kiingereza maneno matatu hupangwa safu moja na msomaji hupita juu yake bila kusita. Kwa Kiswahili kila kiungo hudai haki yake, na mwandishi hulazimika kusema ni utamaduni wa nani, na ni mji upi.

Mwisho, fungu hilo lilipewa herufi kubwa na kuwa jina la mahali pamoja. Sehemu ya kale ya mji wa Unguja iliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000 kwa jina la Kiingereza la "Stone Town". Hapa msomaji wa Kiswahili hana budi kutua. Serikali ya Zanzibar ilipounda mamlaka ya kuihifadhi sehemu hiyo mwaka 1985, jina la Kiswahili lililotumika halikuwa tafsiri ya jina la Kiingereza. Hapakutajwa jiwe hata moja. Palisemwa Mji Mkongwe. Sifa hiyo ya ukongwe hupewa watu waliokula chumvi nyingi, na hapa mji umeheshimiwa kwa umri wake kama anavyoheshimiwa mzee. Kadhalika Mombasa na Lamu watu husema mji wa kale. Katika kauli ya zamani zaidi, Unguja iligawanywa kwa maji na si kwa mawe: upande mmoja Mjini, na upande wa pili wa hori Ng'ambo. Tena hata huko Mjini, katika karne ya 19, nyumba za udongo zilikuwa zimechanganyika na majumba ya mawe. Mwenye kuishi katika nyumba ya udongo upande ule alikuwa mtu wa mjini sawasawa na jirani yake mwenye jumba.

Hivyo ndivyo ilivyo lugha. Sasa yafaa kutazama jinsi fungu hilo lilivyoongoza macho ya wataalamu. Waandishi wa kwanza wa Kizungu walioandika juu ya magofu ya Pemba walikwenda palipokuwa na kuta. F. B. Pearce, aliyekuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza Unguja, alichapisha kitabu chake mwaka 1920, na humo aliyaeleza magofu ya kisiwa hicho. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 kwa jina linaloufanya Gedi kuwa mji wa Kiarabu. Mwaka 1959 alichapisha habari za uchimbaji wake wa Ras Mkumbuu, Pemba. Mwaka 1966 Peter Garlake alitoa kazi kubwa juu ya majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani, ikiwa na michoro ya misikiti na majumba. Kazi hizo zina thamani, na hapana mwanafunzi wa taarikh ya pwani awezaye kuziacha. Lakini zote zilianzia ukutani. Pasipokuwa na ukuta hapakuwa na pa kuanzia.

Nyumba ya udongo hufa kwa namna nyingine. Wajenzi husimamisha nguzo, hufunga fito, hukandika au kutomea, kisha huezeka makuti. Nyumba hiyo ikiachwa, makuti huoza, miti huliwa na mchwa, na udongo huyeyuka kwa mvua ukarudi ardhini ulikotoka. Ikiwa iliungua, vipande vya udongo uliookwa kwa moto hubaki vikiwa na alama za fito, na hivyo ndivyo vinavyomjulisha mchimbaji kwamba hapo palikuwa na ukuta. Juu ya ardhi huota muhogo. Mpita njia hawezi kujua kwamba anakanyaga ukumbi wa mtu.

Wala wasafiri wa kale hawakulifanya jiwe kuwa sharti la mji. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliwasifu watu wa Mombasa kwa uchaji wao, na akaeleza kwamba misikiti yao ilikuwa ya miti iliyojengwa kwa ustadi. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliyataja majumba ya mawe na chokaa ya Kilwa. Alipofika kwenye habari za Pemba, Mafia na Unguja alitaja wingi wa vyakula, na jinsi wakuu wa visiwa hivyo walivyovaa hariri na pamba nzuri zilizonunuliwa Mombasa. Huo nao ni utajiri, lakini si wa kuta.

Mabadiliko yalianza pale wachimbaji walipochimba chini ya kuta zenyewe. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika visiwa vya Lamu, akakuta kwamba chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti iliyotangulia, na ya kwanza ilikuwa ya miti. Mji ulikuwapo, na Uislamu ulikuwamo, kabla jiwe halijawekwa juu ya jiwe. Naye John Middleton, ambaye mwaka 1961 alikuwa amechapisha uchunguzi juu ya haki za ardhi Unguja na Pemba, aliandika mwaka 1992 kwamba Waswahili wana miji ya namna mbili, ya mawe na ya mashamba, na kwamba yote miwili ni miji. Hapo neno la mashamba liliinuliwa likakaa pamoja na lile la mawe, ingawa jiwe liliendelea kuwa ndilo la kwanza kutajwa.

Ni katika nchi ya kaskazini ya Pemba, nchi ile ile iliyo na Shumba, ndipo swali hili lilipochunguzwa kwa ukamilifu. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichapisha mwaka 1999 makala juu ya nyumba za miti na udongo, wakiwaita wakazi wake kuwa ni walio wengi wasiosikika. Fleisher alimaliza tasnifu yake mwaka 2003, na jina lake lenyewe lilitangaza kugeuka kwa mambo: lilisema juu ya kuitazama miji ya mawe kutoka upande wa mashamba. Badala ya kuanzia penye magofu, watafiti walitembea mashambani na kuchimba vishimo vidogo vya majaribio mahali ambapo hapakuonekana kitu, wakitafuta vigae na vipande vya udongo uliookwa.

Waliyoyapata yaliipindua picha ya zamani. Tumbe, ambako leo ni kijiji mashuhuri cha wavuvi, palikuwa na mji mkubwa baina ya karne ya 7 na ya 10. Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo; hapakuwa na majumba ya mawe. Hata hivyo wakazi wake walitumia vyombo vilivyoletwa na majahazi kutoka pande za Ghuba ya Uajemi, na walitengeneza shanga za kombe, kama yanavyoshuhudia mawe na vigae vingi vyenye mifereji ya kusugulia shanga hizo. Kuuzunguka mji huo palikuwa na vijiji vingi vidogo. Kisha Tumbe ilihamwa. Katika karne ya 11 ulianzishwa mji wa Chwaka karibu na hapo, ambao magofu yake huhusishwa na jina la Haruni, anayesimuliwa kuwa wa ukoo wa Mkama Ndume wa Pujini. Vijiji vya mashamba vikapungua, kwa kuwa watu walihamia katika mji mpya. Chwaka ilijenga misikiti ya mawe, lakini wengi wa watu wake waliendelea kuishi katika nyumba za udongo.

Hata chakula kilibadilika. Sarah Walshaw, aliyechunguza mbegu zilizoungua zilizohifadhika ardhini, alieleza mwaka 2010 kwamba watu wa kwanza wa nchi hiyo walitegemea zaidi uwele, na kwamba baada ya kusimama kwa Chwaka mpunga ndio uliotawala. Mpunga huo si jambo dogo. Katika zama za Wareno Pemba ilikuwa ghala ya Mombasa, na mchele wake ulivuka bahari kulisha watu wa kule. Aliyelima bonde la mpunga kaskazini ya Pemba alikuwa na sehemu yake katika kusimama kwa miji yote miwili, wa karibu na wa mbali, ingawa sentensi ya Kiingereza haikumpa kitenzi.

Kwa hiyo, ikiwa "stone town" ndiyo kipimo cha mji, Tumbe haikuwa mji, na Chwaka ilikuwa mji kwa misikiti yake tu. Ambapo kwa ushahidi wa ardhi yenyewe, Tumbe ilikuwa kubwa, yenye watu, kazi na biashara, kwa karne tatu, pasipo ukuta mmoja wa mawe. Ndipo LaViolette na Fleisher walipoandika mwaka 2009 juu ya taarikh ya kimji ya mahali pa shamba, kauli ambayo kwa Kiingereza huonekana kama kitendawili.

Kwa Kiswahili si kitendawili. Neno mji ni la kale katika lugha za Kibantu: Wamijikenda husema mudzi, Wanyanja husema mudzi, Wazulu husema umuzi, na katika hao wote maana yake ni makazi ya watu walio na umoja, yawe makubwa au madogo. Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, ililipa neno mji maana za kijiji na mji pamoja. Kinachofanya mji ni kuwa una wenyewe, yaani watu wanaojuana kwa nasaba na ujirani, walio na msikiti wao, makaburi yao, na wazee wa kuamua mambo yao.

Mkabala wa mji Waswahili wa visiwani wanalo neno jingine, nalo ni kiambo. Kiambo ni mahali pa ukoo: nyumba za ndugu, miti yao ya matunda, na ardhi iliyorithiwa ambayo haiuzwi hovyo. Jina la Shumba Viamboni, likisomwa kwa tahajia hiyo, ni wingi wa neno hilo: Shumba ya viambo, iliyotawanyika katika ardhi za koo. Na Shumba Mjini ni Shumba iliyokusanyika. Majina hayo mawili yanaeleza jambo lile lile ambalo wachimbaji walilitafuta kwa miaka mingi huko Tumbe na Chwaka, yaani watu kukaa mbalimbali katika ardhi zao, au kuhamia pamoja mahali pamoja. Tofauti iliyotajwa ni ya namna ya watu kuishi wao kwa wao, wala hapana neno lolote juu ya kuta.

Haki inadai pia upande wa pili usikilizwe. Jiwe lilikuwa na maana yake. Kukata matumbawe baharini, kuchoma chokaa, kuleta boriti za mikoko, na kuwalipa mafundi, ni mambo yaliyohitaji mali na subira, na mwenye kuyafanya alikusudia kuonekana na kukumbukwa. Jumba la mawe lilikuwa amana ya ukoo na dhamana ya mfanyabiashara. Tena fungu la Kiingereza lilifanya kazi njema kwa namna mbili. Kwanza, liliwawezesha wataalamu kuacha kusema "mji wa Kiarabu", maneno yaliyowanyang'anya wenyeji kazi ya mikono yao. Kwani jiwe halina kabila. Pili, lilisaidia kuyaokoa majumba ya Unguja yaliyokuwa yakianguka. Lawama, basi, haimo katika kulitaja jiwe. Imo katika kuliacha jiwe lisimame mahali pa mtu katika sentensi.

Hasara ya kosa hilo yaonekana hata leo. Ukuta unaoonekana huwekewa kibao na mlinzi. Ardhi iliyobeba mji wa udongo hulimwa, huchimbwa mchanga, na hujengwa juu yake, pasipo mtu kuona kwamba kuna kilichopotea. Mtoto wa shule wa Micheweni akifundishwa kwamba ustaarabu wa Waswahili ulikuwa katika miji ya mawe, atajifunza vile vile, bila ya kuambiwa, kwamba wazee wake hawakuwamo. Naye yumkini amekaa juu ya vigae vya mji uliotangulia kuwapo kabla ya misikiti ya mawe ya Chwaka kujengwa.

Kwa mwandishi wa taarikh kwa Kiswahili funzo liko wazi. Asiwe mwepesi wa kutafsiri fungu la maneno kwa kuwa limezoeleka katika vitabu vya Kiingereza. Panapohusu jengo, aseme nyumba ya mawe au msikiti wa mawe, na ataje ni ngapi. Panapohusu umri, aseme mji wa kale au mji mkongwe. Panapohusu watu kukusanyika, neno mji latosha peke yake, na panapohusu koo na ardhi zao, lipo neno kiambo. Hapo kila kitenzi kitampata mwenyewe, na mkulima wa mpunga atatajwa mwanzo wa sentensi pamoja na mwenye jumba.

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Waliochagua majina ya Shumba mbili walikuwa na hekima ya namna hiyo, wakaandika taarikh ya nchi yao katika majina ya mahali, ambamo mvua haiyeyushi.